Makasia ya Semeni

Mwantumu Sempombe hakuwa mtu wa kuchagua chombo kwa kukitazama. Alipoingia katika ghala la Mbelwa asubuhi ile ya Jumanne, alivua viatu, akaviegesha ukutani, akauliza ni mashine ipi iliyo tayari kuvutwa.

"Zote tatu," Mbelwa alimjibu. "Kibali chako kilifika jana. Nikajua hutachelewa."

Katika makazi ya Ukingoni, watu elfu sita chini ya ukingo wa shimo moja kubwa la Mwezini, ghala hilo ndilo pekee lililotoa mashine za makasia za nyumbani. Kila kaya ilikuwa na haki ya mashine moja. Kibali chake kilitoka mara moja tu, mwaka ambao mtoto wa kwanza wa nyumba anatimiza miaka kumi na miwili. Semeni, binti wa pekee wa Mwantumu, alikuwa amebakiza siku tisa.

Mwantumu alikaa kwenye mashine ya kwanza, akajifunga mkanda wa mapaja. Bila mkanda, Mwezini, mtu akivuta kwa nguvu huruka kutoka kwenye kiti na kuangukia mlangoni. Akavuta mara ishirini. Feni ikavuma mbele yake kama nyuki waliochokozwa.

"Nyepesi," alisema.

"Hewa yetu ndiyo nyepesi," Mbelwa alisema. "Feni inafanya kazi kwa kupigana na hewa. Hewa tuliyo nayo humu ni robo tatu tu ya ile ya Duniani. Kwa moyo na mapafu inatosha. Majirani zako watakuchukia, lakini moyo utakuwa mzima."

Ya pili ilikuwa ya sumaku. Haikutoa sauti kabisa, na ugumu wake uliongezwa kwa kuzungusha kitufe. Mwantumu aliinama akafungua kifuniko cha pembeni bila kuomba ruhusa. Vumbi la Mwezini lina chembe za chuma. Huingia na nguo za watu wa migodini, husafiri na mifereji ya hewa, na likikutana na sumaku halitoki tena. Ndani ya mashine ile, iliyokuwa ghalani kwa miezi minane tu, sumaku ilikuwa imeota ndevu.

"Hii utaifungua kila wiki kuisafisha," alisema.

"Watu hawaifungui. Wanakuja kunilalamikia."

Ya tatu ilikuwa na pipa la kioo mbele, na ndani ya pipa mapanga manne yaliyozama majini. Mwantumu alivuta mara moja, polepole, akasikia maji yakigeuka kwa uzito. Akavuta kwa nguvu, na maji yakamrudishia nguvu ileile. Mzigo ulianzia kwenye nyayo, ukapanda hadi nyonga na kutambaa katika uti wa mgongo. Hapo alitulia akavuta dakika kumi, na Mbelwa akaenda kupanga mikanda yake akimwacha.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya makasia. Mwezini mtu wa kilo sitini huhisi ana kilo kumi, na mfupa usiobebeshwa mzigo hujisahau. Chuma cha kunyanyua hakisaidii kitu, kwa sababu nacho kimepungukiwa uzito. Lakini maji yaliyomo kwenye pipa hayana habari uko wapi. Ukiyasukuma kwa nguvu, yanakataa kwa nguvu, Mwezini kama Duniani.

Kwa hiyo Kanuni ya Mifupa iligawa watoto wa Ukingoni katika njia mbili. Wa Njia ya Mwezi walivuta feni au sumaku dakika arobaini kwa siku, kwa ajili ya moyo na damu. Wa Njia ya Dunia walivuta mashine ya maji saa mbili kila siku, siku sita kwa wiki, tangu miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, umri ambao mifupa hujengwa. Aliyepita njia hiyo aliweza siku moja kushuka Duniani akatembea. Asiyepita angevunjika nyonga kwenye ngazi za kwanza.

"Hii," Mwantumu alisema, akifungua mkanda.

"Maji ya pipa ni lita ishirini, na yanatoka kwenye mgao wa nyumba yako. Yatakaa humo miaka sita."

"Mimi ni fundi wa maji, Mbelwa. Lita ishirini nazijua."

"Sawa. Mwenye miguu yuko wapi?"

"Yuko shule."

"Mashine ya maji hufungwa kwa kipimo cha paja na unyayo wa atakayeitumia. Kwa miguu yako siitoi." Mbelwa alisita kidogo. "Na mwalimu Hiza anajua umechagua hii?"

"Mwalimu anajua mambo mengi," Mwantumu alisema, akavaa viatu vyake.

*

Hiza Mntambo alifundisha sayansi katika shule ya Ukingoni. Alikuwa mpole, mwenye kusikiliza hadi mwisho, na jioni ile wakati wa chakula alimsikiliza mkewe akieleza habari za feni, sumaku na maji mpaka alipomaliza. Semeni alikwishakula, alikuwa upande wa pili wa pazia akifanya kazi za shule.

"Mama Semeni," Hiza alisema, "darasani mwangu nina watoto kumi na wanne wa Njia ya Dunia. Wanane wanasinzia kipindi cha kwanza. Mmoja, binti wa yule mpishi wa zahanati, amepata ufa kwenye mfupa wa muundi. Hakuanguka. Ni mashine."

"Na wa Njia ya Mwezi?"

"Wanacheza."

"Wakifika miaka ishirini wakataka kwenda kusoma Duniani, au kuzika mtu, au kuona tu mvua?"

Hiza alimega tonge, akalirudisha sahanini. "Hawaendi."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza." Alinyoosha mkono kwenye rafu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka kati ya bakuli la mchicha na sahani ya mkewe. "Nilipimwa mwezi uliopita. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia, na siku nzuri sikuipata."

Mwantumu aliisoma. Alijua kwamba mumewe aliacha kuvuta makasia tangu alipoumia mgongo, miaka saba iliyopita. Kila mwaka alisema ataanza tena. Alichokuwa hajui ni kile kilichoandikwa pale na daktari kwa mwandiko ulionyooka: mifupa ya nyonga na uti haitahimili tena uzito wa Dunia, na moyo nao una mashaka. Mgonjwa asisafiri kamwe.

"Ukiileta ile mashine ya maji," Hiza alisema taratibu, "umeleta tiketi mbili katika nyumba ya watu watatu."

Kitu cha kwanza alichohisi Mwantumu kilikuwa hasira. Huyu mtu, alifikiri, amejifungia mlango kwa uvivu wake mwenyewe, sasa anataka funguo aziweke mfukoni mwa mtoto. Kisha akamtazama, akaona jinsi alivyoushika ukingo wa meza, na hasira ikakosa pa kukaa. Yeye mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja hakukosa zamu yake katika ukumbi wa mazoezi wa makazi. Alivuta kabla ya kazi na baada ya kazi, akivuta kuelekea Soni, kule Duniani, kwenye mteremko wenye udongo mwekundu unaoteleza mbele ya nyumba ya mama yake. Hakuwahi kumuuliza Hiza kama naye aliwahi kuvuta kuelekea huko.

Lakini hakuyumba. Haikuwa tabia yake.

"Pole, Baba Semeni. Ningependa ungeniambia siku ileile," alisema. "Ila mlango uliokufungia wewe usiutumie kumfungia yeye."

"Na mgongo wako ulio imara usiutumie kumvunja wa kwake."

Pazia likasogea. Semeni alisimama pale na kalamu mkononi, mrefu na mwembamba kama watoto wote waliozaliwa Ukingoni.

"Mama," alisema, "kesho tunakwenda ghalani saa ngapi?"

*

Mbelwa alimpima Semeni paja, unyayo na urefu wa mkono, akakisogeza kibao cha miguu, akakaza mikanda. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa watoto aliongea kidogo.

"Jaribio ni dakika kumi. Usishindane na mtu."

Semeni akaanza. Dakika mbili za kwanza alikwenda vizuri, na Mwantumu akajikuta akitabasamu: mgongo wa mtoto ulikuwa umenyooka, na mvuto wake ulikuwa mrefu usiokatika. Dakika ya nne shingo ikaanza kumeta jasho. Dakika ya sita mdomo ukafunguka. Maji yaliruka ndani ya pipa, yakachelewa kuanguka kama yanavyochelewa vitu vyote Mwezini, na mapanga yakayakuta yakiwa bado hewani.

Hapo ndipo Mwantumu alipoona. Semeni hakuwa akitazama kipimo. Hakuwa akitazama pipa. Kila alipomaliza kuvuta, macho yake yalikwenda kwenye uso wa mama yake, yakasoma, yakarudi. Mwantumu aliyafahamu macho hayo. Alikuwa na vibarua wanne katika kituo cha pampu, na mmoja wao alifanya hivyohivyo, alimtazama msimamizi badala ya bomba. Ndiye aliyechoma mkono wake mwaka juzi, kwa sababu aliona haya kusema kwamba koki ina moto.

"Acha," Mwantumu alisema.

"Sijachoka, Mama."

"Najua. Acha tu."

Semeni aliachia mshikio. Alihema kwa muda, mikono ikining'inia. Mwantumu akachutama mbele yake ili wawe sawa.

"Uliza unalotaka kuuliza," alimwambia. "Mimi nimesema sana tangu jana. Sasa nakusikiliza."

Semeni alifikiri. Aliuliza kama anavyouliza fundi kabla ya kushika kazi.

"Duniani, ukitembea tu, ni hivi?"

"Wiki za mwanzo ni vibaya kuliko hivi. Unalala mchana. Unalia kidogo. Halafu mwili unazoea, unasahau kama ulikuwa mzigo."

"Bibi anatembea hivyo?"

"Bibi yako ana miaka sabini na minne, na anapanda mlima na mzigo wa kuni kichwani."

"Mtu wa mashine ya maji anaweza kuhamia kwenye feni?"

"Siku yoyote."

"Na wa feni kuhamia kwenye maji?"

Mwantumu alitaka kulijibu hilo kwa upole, akaona upole utakuwa uongo. "Akichelewa mwaka mmoja au miwili, hapana."

"Na mimi nikitaka kuacha katikati?"

Safari hii alijibu Mbelwa, akiwa bado amepiga goti kando ya mikanda. "Mzazi akishatia sahihi, mtoto haachi mpaka miaka kumi na minane. Mashine inapeleka taarifa ofisi ya afya kila siku. Ukikosa siku tatu, mtu anakuja nyumbani."

"Baba aliacha, hakuja mtu."

"Baba yako alikuwa mtu mzima."

Semeni alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nataka niweze kwenda," alisema hatimaye. "Sijui kama nataka kwenda. Ni vitu viwili, Mama, sivyo? Baba hawezi kwenda, na mimi simwachi leo. Lakini nikiwa mkubwa sijui nitakuwaje. Kwa hiyo nichukue hiyo nzito. Ila sitaki mtu aje nyumbani."

Mwantumu alisimama, magoti yakalia. Akamwomba Mbelwa fomu, akaisoma yote, kuanzia juu hadi maandishi madogo ya chini, jambo ambalo Mbelwa alikuwa hajapata kuona mtu akilifanya.

"Hapa pa mmiliki pameandikwa nini?"

"Jina la mwenye mashine. Wazazi huandika lao."

"Sijauliza wazazi huandika nini. Kanuni inasema nani?"

Mbelwa alivaa miwani. Alisoma kwa midomo. "Mkazi yeyote aliyetimiza miaka kumi na miwili."

"Anatimiza Alhamisi ya wiki ijayo. Tarehe ya fomu iwe hiyo."

"Bi Mwantumu." Mbelwa alivua miwani tena. "Nimekaa hapa miaka tisa, hakuna mzazi aliyefanya hivyo. Ukiandika jina lake, siku atakapoamka akasema basi, huna la kumwambia. Ofisi nayo haina la kumwambia. Na mifupa haisubiri mtu akue akili. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajui."

"Mimi nina arobaini na sita," Mwantumu alisema, "na jana nilikuwa najua kila kitu."

Hata hivyo kalamu haikwenda kwa urahisi. Alijua anachokiandika. Kila kitu alichokijenga katika maisha yake alikijenga kwa kutokuacha, na sasa alikuwa anampa mtoto haki ya kuacha, kwa sahihi, akijua kwamba mtoto akiitumia haki hiyo vibaya hakuna fundi wa kuirekebisha. Aliona Soni. Aliona mama yake akisimama mlangoni akimsubiri mjukuu ambaye huenda asifike. Kisha akaandika: Semeni Hiza Mntambo.

"Weka sahihi yako hapa," alimwambia binti yake, "na ujue unatia sahihi nini."

*

Mashine ilifungwa ukutani siku ya Alhamisi. Mwantumu mwenyewe alijaza pipa, lita kwa lita, na kwa wiki tatu nyumba nzima ikaoga kwa kitambaa mpaka mgao ulipokaa sawa. Hiza hakulalamika. Wala hakuisogelea mashine. Ilipokuwa ikivutwa, alikwenda kusahihisha madaftari kwenye korido.

Semeni alivuta siku ishirini na saba. Mikono ilitoka malengelenge, ikapasuka, ikaota sugu. Siku ya ishirini na nane, wakati wa uji wa asubuhi, alisema, "Leo sivuti. Tuna mechi ya mpira wa dari."

Mwantumu alichukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kazini, na huko akakaza koki moja ambayo haikuwa imelegea.

Kesho yake Semeni hakuvuta. Kesho kutwa vilevile. Taa ya mashine iliyoonyesha siku zilizokoswa iligeuka njano, na hakuna mtu aliyekuja kubisha hodi, kama fomu ilivyosema. Siku ya nne Mwantumu aligundua kwamba kukaa kimya ni kazi nzito kuliko makasia. Siku ya tano, walipokuwa wakikunja nguo, Hiza alisema, "Nilidhani nitafurahi."

"Na?"

"Namwona anaipita ile mashine kama mtu anayempita jirani aliyegombana naye. Sifurahi."

Mwantumu alichukua shati lingine, akalikunja.

Siku ya sita alitoka kazini mapema, saa tisa alasiri. Alipokata kona ya korido yao alisikia sauti ya maji yakigeuka ndani ya pipa. Akaongeza hatua, kisha akajizuia asikimbie. Akafungua mlango.

Alikuwa Hiza. Amekaa kwenye kiti kilichofungwa kwa kipimo cha mtoto, magoti yakimgonga kidevuni, shati limelowa, akivuta kwa mikono tu kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu.

"Mgongo wako," Mwantumu alisema.

"Daktari ameruhusu dakika kumi. Nilikwenda kumuuliza." Alivuta tena, akakunja uso. "Sitarudi Duniani kwa hii, najua, usinitazame hivyo. Nimemsemea mtoto mwezi mzima kwamba inauma. Nikaona ni aibu kusema jambo ambalo mwili wangu umelisahau kwa miaka saba."

"Inauma?"

"Inauma sana."

Mlango ukafunguka nyuma yao. Semeni aliingia na mpira kwapani, akamwamkia mama yake, akamwamkia baba yake, ndipo akaona baba yake amekaa wapi. Aliuweka mpira chini. Ukadunda mara moja, ukachelewa kurudi.

"Baba, hiyo ni yangu."

"Najua, mwanangu. Naomba uniazime, dakika kumi tu alizoruhusu daktari."

Mwantumu alisubiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na habari mtoto huyu atasema nini. Semeni alipiga goti mbele ya kibao cha miguu, akalegeza mikanda iliyokuwa ikiubana unyayo wa baba yake, akakisogeza kiti nyuma kwa matundu manne.

"Unavuta kwa mikono," alisema. "Mikono iwe ya mwisho. Anza kusukuma kwa miguu, halafu mgongo ufuate. Polepole. Haya, jaribu."

Hiza alijaribu. Maji yaligeuka kwa sauti nzito zaidi, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Umeona?" Semeni alisema. Alitazama kipimo, akahesabu. "Umebakiza dakika nne. Zikiisha unashuka. Ni zamu yangu."

Akaenda kubadili nguo za mpira. Mwantumu aliingia jikoni akalizima jiko la maharage aliyoyabandika Hiza, maana chakula cha leo kingechelewa kwa saa mbili za zamu ya Semeni.